Hongereni, Mafundi Kompyuta wa Kilwa Masoko

Upepo wa bahari Kilwa Masoko una chumvi, na chumvi haina huruma na vyuma. Kompyuta ya mezani iliyokaa jirani na dirisha la ofisi huanza kukwamakwama, kisha asubuhi moja haiwaki. Hapo anaitwa fundi.

Namsifu hasa kwa jinsi anavyofunga mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) mpya. Kwanza hugusa chuma cha kasha ili umeme tuli umtoke mwilini. Hupachika lile bati la matundu ya kuchomekea nyaya nyuma ya kasha (wenye pupa hulisahau, wakalazimika kufungua kila kitu upya). Kisha hukagua vinguzo vya shaba: kila kimoja kikae chini ya tundu la skrubu, maana kikizidi hata kimoja kinaweza kugusa njia za umeme na kuunguza bodi. Skrubu hukazwa kwa mshazari, taratibu.

Vipuri vingi hutoka Dar es Salaam. Barabara ikikatika, kama ilivyokatika Somanga Mei 2024 wakati wa Kimbunga Hidaya, fundi husugua bodi kuukuu kwa mswaki na spiriti, siku zikasogea. Na bei yake bado inaongeleka.