Ushindi 14, Pointi 0: Uhakiki wa Msimu wa Melbourne Storm wa Mwaka 2010

Katika darasa la uhakiki tumezoea kusoma riwaya, tamthilia na mashairi. Katika makala haya ninataka kusoma matini ya aina nyingine, nayo ni mstari mmoja wa msimamo wa ligi. Mstari huo ni wa mwisho kabisa katika ligi kuu ya raga ya Australia, NRL, mwaka 2010. Unasema hivi: Melbourne Storm, michezo 24, kushinda 14, kushindwa 10, pointi 0. Inawezekanaje timu ishinde zaidi ya nusu ya michezo yake, halafu ishike nafasi ya 16 kati ya timu 16? Swali langu ni hili: je, sifuri hiyo inasema kweli?

Kwanza tuuelewe mchezo wenyewe. Hapa Uganda raga tunayoijua zaidi ni ile ya wachezaji 15. NRL ni ligi ya raga ya wachezaji 13. Kila klabu imewekewa kikomo cha mishahara, yaani jumla ya fedha ambazo inaruhusiwa kuwalipa wachezaji wake kwa mwaka. Lengo ni kuzuia klabu yenye fedha nyingi isiwakusanye nyota wote na kuwaachia wengine makapi.

Storm walikuwa na nyota wengi: Cameron Smith, Billy Slater, Cooper Cronk na Greg Inglis, chini ya kocha Craig Bellamy. Walicheza fainali nne mfululizo, kuanzia 2006 hadi 2009, wakashinda mbili. Mwaka 2007 waliwafunga Manly 34 kwa 8, na mwaka 2009 wakawafunga Parramatta 23 kwa 16. Kisha tarehe 22 Aprili 2010 siri ikafichuka. Viongozi wa klabu walikuwa na mikataba ya aina mbili: ile iliyoonyeshwa ligi, na ile iliyofichwa yenye malipo ya ziada. Ukaguzi wa baadaye ulionyesha kwamba fedha zilizozidi kikomo katika miaka hiyo zilipita dola milioni 3 za Australia.

Adhabu ilikuwa nzito. Storm walinyang'anywa ubingwa wa 2007 na 2009, wakatozwa faini na kutakiwa kurudisha fedha za zawadi. Pointi 8 walizokwisha kupata msimu huo zilifutwa, na ikaamuliwa kwamba hawatapata pointi yoyote hadi msimu uishe. Walikuwa wamecheza michezo 6. Ilibaki 18 ya kucheza bure.

Wahenga walisema, mchuma janga hula na wa kwao. Methali hii ilinijia mara moja niliposoma habari hizi, kwa sababu niliwahi kula janga nisilolichuma. Nilipokuwa kidato cha nne, matokeo ya somo moja yalifutwa kwa darasa zima. Mtu mzima mmoja alikuwa ameuza maswali ya mtihani kwa baadhi ya wanafunzi. Mimi sikuyaona maswali hayo, wala sikujua kwamba yapo. Nilirudia somo hilo mwaka uliofuata, na kwenye cheti changu hakuna mahali panapoeleza kwa nini. Kwa hiyo nakiri kwamba nilianza kuusoma mstari ule wa Storm nikiwa upande wa wachezaji.

Hata hivyo, mhakiki hapaswi kuishia kwenye huruma yake. Nilipochunguza zaidi, nilikuta tofauti kati yangu na Storm. Mimi nilifanya mtihani kwa akili yangu mwenyewe. Storm, hata baada ya kufichuliwa, walimaliza msimu wa 2010 na kikosi kilekile kilichozidi kikomo. Haikuwezekana kuwauza nyota katikati ya msimu ili hesabu ikae sawa. Yaani kila ushindi wao wa mwaka huo, wa kabla na wa baada ya Aprili, ulipatikana kwa kikosi ambacho kanuni hazikukiruhusu. Wachezaji hawakufungiwa, na huenda wengi wao hawakuwa na hatia, lakini kuwa kwao pamoja katika timu moja ndiko kulikokuwa kosa. Kwa msingi huo, sifuri ya 2010 ilikuwa haki.

Lakini haki si lazima iwe maelezo kamili. Hapa ndipo msimamo wenyewe unapojipinga. Timu iliyofungwa na Storm haikupewa pointi. Ushindi wa Storm haukuhesabiwa, ila kushindwa kwa mpinzani kulihesabiwa. Chukua mchezo wa tarehe 25 Aprili, siku tatu tu baada ya adhabu kutangazwa. Storm waliwafunga New Zealand Warriors 40 kwa 6. Upande wa Storm mchezo huo haukuzaa kitu, lakini Warriors walirudi nyumbani bila pointi zao 2, na upungufu huo ukabaki kwenye mstari wao hadi mwisho. Hivyo basi, anayetaka kuuona ushindi uliofutwa asiishie kwenye mstari wa Storm. Autafute kwenye mistari ya wale waliofungwa.

Jambo hilohilo linaonekana katika ubingwa ulionyang'anywa. Ligi haikuwapa Manly taji la 2007 wala Parramatta lile la 2009. Miaka hiyo miwili ilibaki bila bingwa. Parramatta hawakuwa wametwaa ubingwa tangu 1986. Walifungwa katika fainali na kikosi kilichovunja kanuni, kisha kanuni zikathibitisha kosa hilo bila kuwarudishia chochote. Kwa maoni yangu huu ndio udhaifu mkubwa wa hukumu ile. Ilijua vizuri nani apokonywe, lakini haikujua nani alikuwa ameibiwa. Mtu anaweza kujibu kwamba haiwezekani kujua nani angeshinda kama Storm wasingekuwepo. Ni kweli, na ndiyo maana sisemi taji lingegawiwa. Ninasema tu kwamba kufuta si sawa na kurekebisha.

Wako wanaopenda kuimalizia hadithi hii kwa furaha. Greg Inglis na wengine waliondoka ili hesabu itimie, lakini mwaka 2011 Storm waliongoza msimamo, na mwaka 2012 wakawafunga Canterbury 14 kwa 4 katika fainali na kutwaa ubingwa. Huo ni mwisho mzuri, ila si jibu la swali letu. Ushindi wa 2012 unatuambia Storm waliweza nini ndani ya kikomo. Hautuambii michezo ile 18 ilikuwa na thamani gani kwa waliocheza wakijua kwamba hakuna watakachopata. Kati ya hiyo walishinda 10.

Kwa kuhitimisha, ninaona kwamba sifuri ya Melbourne Storm inasema kweli kuhusu klabu, lakini hainyamazishi namba zilizo kando yake. Ligi ingeweza kuacha nafasi tupu kwenye safu zote. Badala yake iliandika 14, ikaandika 10, kisha ikaandika 0, na kuzipanga pamoja ili msomaji aulize. Cheti changu hakina safu ya namna hiyo. Kina alama ya mwaka wa pili peke yake, na anayekisoma hana cha kuuliza.