Spika ya Kati Haikai Mlangoni

Aliyechomoa spika ya kati ya ile homu thieta kubwa pale Gitoro na kuitundika mlangoni pa hema alikosea, na hakuna hoja ya biashara inayoweza kumtetea. Mliohudhuria maonyesho ya kilimo ya ASK ya Meru mliliona hema lenyewe: mfumo kamili wa 5.1, runinga pana, viti vya plastiki vimepangwa kwa safu, filamu ya mapigano inaendelea. Waliokaa walisikia risasi, magari na sabwufa. Maneno yalikuwa nje, yakiwasemesha watu waliokuwa wakipita kwenda kuona ng'ombe wa maziwa.

Katika Dolby Digital, chaneli ya kati inajitegemea, na wanaochanganya sauti za filamu huweka humo sehemu kubwa ya mazungumzo. Ndiyo maana spika hiyo huwekwa chini au juu ya skrini: anayefungua mdomo asikike palepale anapoonekana. Kuipeleka mlangoni ni kuwanyima waigizaji vinywa. Mama mmoja aliyekuwa mbele yangu aligeuka mara kwa mara kutazama nyuma, akidhani kuna mtu anamwita.

Kijana wa stendi aliona watu wananyanyuka, akabadilisha, akaweka filamu iliyosimuliwa kwa Kiswahili kwa mtindo wa DJ Afro. Hapo kosa likazidi. Sauti ya msimulizi kwa kawaida ni mono, yaani ileile kushoto na kulia, na amplifaya ilikuwa kwenye Pro Logic II. Kazi ya Pro Logic ni kukusanya kila kinacholingana pande zote mbili na kukisukuma kati. Kwa hiyo msimulizi naye akatoka nje ya hema, na ndani tukabaki na vishindo.

Kinachouma ni kwamba dawa ilikuwa kwenye remoti. Ukiingia kwenye menyu ya spika, unaiambia amplifaya kwamba ya kati haipo. Mazungumzo yatagawanywa sawa kushoto na kulia, na aliyekaa katikati atayasikia kana kwamba yanatoka kwenye skrini. Kama ni lazima uvute wapita njia, weka redio yoyote mlangoni, huku ndani watu wasikie filamu. Nilimweleza hivyo. Akanijibu, "Mzee wangu, watu wa huku wananunua besi."

Nalikataa jibu hilo kwa niaba ya watu wa huku. Hawa ndio wanaoacha Muuga FM au Wimwaro FM ikizungumza nyumbani tangu alfajiri. Redio hizo zimejengwa juu ya lugha, Kimeru na Kiembu, na msikilizaji wake anataka neno lisikike hadi silabi ya mwisho. Kumwambia mtu huyo kwamba shida yake ni mtetemo wa kifua ni kutomjua kabisa.

Na hata hiyo besi ilionyeshwa vibaya. Wimbi la Hertz 50 lina urefu wa karibu mita saba. Turubai haliwezi kulirudisha, linapita tu, ndipo muuzaji anapoifungua sabwufa hadi mwisho ili isikike. Mnunuzi anakwenda nayo nyumbani kwenye sebule ya mawe ya mita tatu kwa nne, anaiweka pembeni kwa sababu ndipo palipo na nafasi, na kuta zinairundika besi mara dufu. Kama hakuna dari, mabati nayo yanaanza kuimba. Nimelisema hili miaka nenda miaka rudi: sabwufa iliyopimwa kwenye hema haijapimwa.

Vibandiko vya PMPO navyo bado vipo, vikitangaza maelfu ya wati. PMPO haina kipimo kinachokubalika popote; kila kiwanda hujiandikia. Geuza kifaa, soma nyuma umeme unaoingia. Kinachokula wati 60 kutoka ukutani hakiwezi kutoa wati 5,000 mfululizo, awe amekileta nani kutoka maduka ya Luthuli, Nairobi.

Wazee wetu walifanya vizuri zaidi kwa vifaa duni. Mnaokumbuka sinema za gari zilizozunguka masokoni, Nkubu hadi Runyenjes, mnajua zilivyokuwa: projekta ya milimita 16, kitambaa cheupe, sauti ya mono. Lakini mwendeshaji aliyejua kazi aliweka spika ubavuni pa kitambaa, na soko zima likafuata hadithi. Hata waliobuni kuwa na chaneli ya kati walianzia kwenye haki ya msikilizaji. Mwaka 1933, watafiti wa Bell Labs walipopeleka sauti ya orkestra kwa waya kutoka Philadelphia hadi Washington, walitumia njia tatu, kushoto, kati na kulia, na kiongozi wa orkestra hiyo, Leopold Stokowski, mwenyewe akakaa kwenye vidhibiti ukumbini Washington. Waliona kwamba mbili pekee huacha pengo katikati ya jukwaa. Miaka mingi baadaye, sisi tunalifungua pengo hilo kwa bisibisi.

Lakini wanaojua kazi bado wapo: kwenye maonyesho ya Embu, stendi moja ndogo ilikuwa na spika mbili tu, zimeelekezwa vizuri kwa msikilizaji, besi ya kiasi. Safi.

Ukienda maonyesho yajayo, usikubali kuuziwa kwa mlipuko. Mwombe muuzaji azime sabwufa, aweke taarifa ya habari, kisha sogeza sikio hadi kwenye spika ya kati. Kama msomaji wa habari hasikiki hapo, weka pesa zako mfukoni uende stendi nyingine.