Kuhesabu Mafuta kwa Kuanzia Chini ya Tangi

Pikipiki nyingi za injini ya sentimita za ujazo 100 hadi 150 zinazofanya kazi ya bodaboda nchini Tanzania na Kenya hutembea bila geji ya mafuta inayoaminika, ama kwa sababu mtengenezaji hakuiweka tangu awali, ama kwa sababu ile iliyokuwapo ilikufa na mwenye chombo hakuona haja ya kugharimia nyingine. Hata hivyo si sahihi kusema kwamba chombo cha namna hiyo hakina kipimo. Kinacho kipimo kimoja, ambacho hakionyeshi kiasi cha mafuta yaliyomo bali hutangaza, mara moja tu katika kila mzunguko wa matumizi, kwamba kiwango fulani kimefikiwa. Na hoja ya uchambuzi huu ni kwamba hesabu ya mafuta husimama imara zaidi ikijengwa juu ya tangazo hilo la chini kuliko ikijengwa juu ya tangi lililojaa, ambalo ndilo mahali pa kuanzia panapozoeleka katika maelekezo ya kupima ulaji wa mafuta.

Tangazo hilo hutoka kwenye koki ya mafuta, yaani kifaa kidogo chenye mkono wa kuzungusha, kinachofungwa chini ya tangi, kwa kawaida upande wa kushoto, ili kufungua na kufunga njia ya petroli kuelekea kwenye kabureta, ambako petroli huchanganywa na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Kwa upande wa ndani koki huwa na midomo miwili: mmoja umewekwa kileleni mwa mrija uliosimama, na mwingine uko karibu kabisa na sakafu ya tangi. Mkono ukielekezwa kwenye alama ya ON, petroli hupita katika mdomo wa juu pekee, hivyo kiwango kikishuka chini ya kilele cha mrija, mtiririko hukatika ingawa mafuta bado yamo. Ukielekezwa kwenye alama ya RES, mdomo wa chini hufunguka na mafuta yaliyobaki hupata njia. Akiba hii, ambayo madereva huiita rizevu, si tangi la pili lililofichwa, kama baadhi ya watumiaji wanavyodhani, bali ni sehemu ya mwisho ya mafuta yaleyale. Utaratibu huu haukuwa wa pikipiki peke yake, kwa kuwa magari ya Volkswagen aina ya Beetle yalitumia koki ya akiba badala ya geji hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na skuta za Vespa ziliendelea nao kwa muda mrefu baada ya hapo.

Kati ya kukatika kwa mtiririko na dereva kuhisi chochote kuna ucheleweshaji, kwa sababu kabureta ina bakuli dogo ambamo boya huelea na kudhibiti uingiaji wa petroli, na bakuli hilo huhifadhi makumi machache ya mililita ambayo injini huendelea kuyatumia baada ya mrija kukauka. Kwa pikipiki ndogo kiasi hicho hutosha kwa mita mia kadhaa, pengine hadi karibu kilomita 1, na kadiri kimo cha petroli bakulini kinavyoshuka ndivyo mchanganyiko unavyozidiwa na hewa, hadi injini ipoteze nguvu na ianze kukwamakwama, hali ambayo mafundi huieleza kwa kusema kwamba pikipiki inamisi. Dereva mzoefu hushusha mkono wa kushoto na kuigeuza koki bila kusimama, kisha bakuli hujaa tena baada ya sekunde chache. Wakati huo wa kugeuza koki ndio unaoitwa hapa nukta ya akiba, na thamani yake haiko katika onyo pekee: ni wakati ambapo kiasi kilichomo tangini hujulikana bila kuchungulia, kwa kuwa kimewekwa na urefu wa mrija.

Kiasi hicho chenyewe kinafaa kupimwa badala ya kusomwa kitabuni. Koki huchakaa na kubadilishwa, na koki ya dukani isiyo ya asili inaweza kuwa na mrija mfupi au mrefu kuliko wa kwanza. Tena mrija unaweza kupasuka penye shina, jambo ambalo huifanya alama ya ON inyonye mafuta hadi chini na kuifuta akiba yote pasipo mtu kujua. Njia ya kupima ni rahisi: pikipiki ikishafika nukta ya akiba, huachwa ipoe, bomba linalokwenda kwenye kabureta huchomolewa, koki hugeuzwa kwenye RES, na petroli inayotoka hukingwa katika chombo chenye alama za lita, mbali na moto wowote. Kinachotoka ndicho akiba halisi. Katika matangi yaliyokalia bomba la fremu kama tandiko, ambayo sakafu yake imegawanyika pande mbili, mafuta kidogo hubaki upande usio na koki, na hayo hupatikana tu pikipiki ikilazwa upande wa koki ili yavuke kigongo cha katikati; kwa hiyo hayapaswi kuingizwa katika hesabu ya kawaida.

Njia inayofundishwa zaidi ya kupima ulaji wa mafuta huanzia juu: tangi hujazwa hadi mdomoni, kilomita husomwa, safari hufanyika, tangi hujazwa tena hadi palepale, kisha umbali hugawanywa kwa lita zilizoongezwa. Kwa mtu wa safari binafsi njia hii haina kasoro kubwa. Kwa bodaboda haifanyi kazi, na sababu zake ni za kiuchumi kabla ya kuwa za kiufundi: dereva hununua mafuta ya shilingi elfu chache kila mara kutokana na alichokipata asubuhi, mara nyingi pikipiki ni ya tajiri anayesubiri hesabu yake jioni, na hakuna mwenye busara atakayelaza lita 10 ndani ya tangi ambalo kesho huenda likaendeshwa na mtu mwingine. Tangi linaweza kumaliza miezi bila kujaa hata mara moja. Mtu wa namna hii akiambiwa ajaze tangi ili aanze kupima, anaambiwa aanzie mahali ambapo hafiki.

Nukta ya akiba, kinyume chake, humfikia kila anayenunua kidogokidogo, tena mara kwa mara. Kwa kuwa kiasi kilichomo tangini ni kilekile kila nukta hiyo inapofika, mafuta yote yaliyonunuliwa kati ya nukta moja na inayofuata lazima yawe sawa na mafuta yote yaliyotumika, hata kama yalinunuliwa kwa vipande vingi visivyolingana. Ichukuliwe kwa mfano kwamba koki iligeuzwa odomita, yaani tarakimu zinazojumlisha kilomita kwenye dashibodi, ikisoma 18,240. Kisha zikanunuliwa lita 2, lita 3, lita 2.5 na lita 2.5, na injini ikamisi tena ikisoma 18,660. Kilomita 420 zimetumia lita 10, yaani wastani wa kilomita 42 kwa lita, na hakuna wakati wowote tangi lilipohitaji kujazwa. Sharti ni kwamba koki irudishwe kwenye ON kila baada ya kununua mafuta yanayozidi kilele cha mrija. Koki inayosahauliwa kwenye RES huua kipimo chote, kwani mara nyingine injini itakapomisi, tangi litakuwa kavu.

Wastani ukishajulikana, hesabu ya kila siku hugeuka kuwa daftari la kuingiza na kutoa ambalo sifuri yake ni nukta ya akiba, si tangi tupu. Dereva aliyekwenda kilomita 20 kwa rizevu kabla ya kufika kituoni anadaiwa karibu nusu lita. Akinunua lita 2, salio lake ni lita 1 na nusu hivi, sawa na kilomita 63 kabla injini haijamisi tena, huku akiba ikiwa nzima chini yake. Ubora wa mpangilio huu ni kwamba hujisahihisha: makosa madogo hayarundikani, kwa sababu kila nukta ya akiba hulirudisha daftari kwenye sifuri. Na panapotokea kutoafikiana kukubwa, kwa mfano daftari likionyesha salio la karibu lita nzima ilhali injini inamisi, kutoafikiana huko ni taarifa yenye manufaa kuliko geji nyingi, kwani huashiria bomba linalovuja, boya lililokwama na kumwaga petroli, pampu iliyopunja, au mtu aliyenyonya mafuta usiku.

Kabla ya kumshuku mtu, hata hivyo, yafaa kushuku kifuniko. Kifuniko cha tangi huwa na tundu dogo la kuingiza hewa ili kujaza nafasi ya petroli inayotoka, na tundu hilo likizibwa na vumbi au matope, mvuto wa ndani huzuia petroli kushuka na injini humisi kwa namna ileile ya kuishiwa. Kifuniko kikifunguliwa, hewa husikika ikiingia kwa kasi na pikipiki hupona papo hapo. Mteremko nao hupotosha, kwani petroli hukimbilia mbele au nyuma ya tangi na kuuacha mrija wazi mapema au kuufunika kwa muda zaidi. Ndiyo maana nukta inayoandikwa inafaa iwe ile iliyotokea kwenye barabara tambarare.

Kosa lililo kubwa zaidi kuliko haya, na ambalo halionekani kuwa kosa, ni kuhesabu mafuta kwa shilingi. Kijiweni, anayeulizwa ameweka kiasi gani hujibu kwa fedha. Lugha hiyo hutosha kwa kulinganisha mapato na matumizi, lakini haitoshi kwa kutabiri umbali, kwa sababu bei si thabiti: nchini Tanzania mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na nchini Kenya mamlaka ya aina hiyohiyo, EPRA, hutangaza tarehe 14 bei zinazoanza kutumika tarehe 15. Bei ikiwa shilingi 3,000 kwa lita, mafuta ya shilingi 6,000 ni lita 2 kamili. Ikipanda hadi shilingi 3,200, fedha hizohizo huleta lita 1.875, na mililita 125 zilizopungua ni kilomita 5 na ushei kwa pikipiki ya mfano uliotangulia. Pampu ya kituo huonyesha lita sambamba na fedha, na nchini Tanzania hukaguliwa na Wakala wa Vipimo, kwa hiyo namba sahihi iko mbele ya macho ya mnunuzi. Anayenunua kwa chupa pembezoni mwa barabara hana bahati hiyo, kwa kuwa chupa ya maji si kipimo, na ujazo wake hutegemea muuzaji ameishia wapi shingoni.

Upande wa pili wa mgawanyo, yaani kilomita, una udhaifu wake. Katika pikipiki nyingi za aina hii odomita huendeshwa na waya unaozungushwa na gurudumu la mbele, hivyo haihesabu umbali bali mizunguko. Tairi la ukubwa wa 2.75-17 likibadilishwa kwa la 3.00-17, kila mzunguko huwa mrefu zaidi kwa takriban asilimia 2, na odomita husoma pungufu kwa kiasi hicho. Kosa la namna hii halina madhara, maadamu tairi halibadilishwi tena, kwa kuwa limo katika wastani na katika utabiri vilevile. Waya uliokatika ndio wenye madhara, na dereva asiye na odomita hubaki na makadirio ya njia anazozijua.

Njia za mkono na sikio zinastahili kutajwa kwa ufupi. Kuitikisa pikipiki na kusikiliza mlio wa petroli humwambia mzoefu kama ni nyingi au kidogo, basi. Kijiti cha mbao chenye alama hufanya vizuri zaidi, iwapo alama hizo ziliwekwa kwa kuongeza lita moja moja pikipiki ikiwa imesimama wima kwa stendi ya kati, kwa sababu umbo la tangi hufanya nafasi kati ya alama zisilingane, na stendi ya pembeni huinamisha kila kitu. Kumulika ndani kwa kiberiti ni kujichoma kwa makusudi; mvuke wa petroli hushika moto hata katika baridi kali.

Pikipiki mpya zenye mfumo wa kupulizia mafuta kwa umeme badala ya kabureta hazina koki ya akiba, kwani pampu yake hukaa ndani ya tangi na hupozwa na petroli inayoizunguka, hivyo kuiendesha hadi ikauke ni kuifupishia maisha. Badala yake kuna taa ya onyo, ambayo kifaa chake huihisi petroli ikishuka hadi kimo maalumu, na kwa dereva aliyezoea nukta ya akiba mabadiliko ni madogo kuliko yanavyoonekana: kilomita huandikwa taa inapowaka na kubaki imewaka kwenye barabara tambarare, si inapomemeta kwenye kona, lita zilizonunuliwa hujumlishwa hadi iwake tena, na mgawanyo hufanywa uleule.