Mvua Nje, Ukame Sandukuni

Giheke haina shida ya maji. Iko wilayani Rusizi, Rwanda, kwenye vilima vya Ziwa Kivu, na uso wa ziwa lenyewe uko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Mashariki kuna msitu wa Nyungwe, ambao mvua yake anaijua kila aliyepanda basi kati ya Kamembe na Huye. Ukimwambia mtu wa hapa kwamba nyoka anayefugwa ndani anaweza kushindwa kujivua gamba kwa sababu ya ukavu wa hewa, atakuwa na maswali mawili. La kwanza ni nani huyo anayefuga nyoka, maana huku nyoka akionekana uani huitiwa fimbo. La pili ni ukavu gani huo. Safu ya leo inalijibu la pili.

Tuseme alfajiri nje kuna nyuzi joto 18 na unyevu wa asilimia 80. Hewa hiyo inaingia kwenye sanduku la kioo lenye balbu, kwa sababu chatu wa Afrika Magharibi, yule mdogo anayejiviringa akiogopa na anayefugwa sana duniani, anahitaji upande mmoja wenye nyuzi 30 au zaidi kidogo. Balbu haikuondoa hata tone la maji. Ila hewa ya nyuzi 30 ina uwezo wa kubeba mvuke karibu mara mbili ya hewa ya nyuzi 18, hivyo mvuke ule ule uliokuwa asilimia 80 sasa ni chini ya asilimia 40. Chatu huyo anataka 50 hadi 60 siku za kawaida, na 70 hivi anapokaribia kujivua. Mvua inapiga bati, na ndani ya kioo ni kiangazi.

Hesabu hiyo ihamishie Watamu, pwani ya Kenya, ambako James Ashe na mkewe Sanda walianzisha shamba la nyoka la Bio-Ken mwaka 1980. Hewa ya bahari ikiwa na nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 75, kuipasha hadi 30 kunaishusha hadi 67 tu. Bujumbura nayo, ambako Mto Rusizi unaishia Ziwa Tanganyika, mita karibu 700 chini ya Kivu, joto linapatikana bure, na anayewatunza nyoka wa makumbusho hai ya mji ule hana sababu ya kuwasha balbu kutwa. Kwa hiyo maelekezo ya mfugaji wa Mombasa yakinakiliwa neno kwa neno na mtu wa Kamembe, au wa Nairobi, hayatafanya kazi. Nyoka hana kosa. Tatizo ni tofauti ya joto kati ya chumba na sanduku.

Ukavu huo unadhuru vipi? Gamba halichakai likaanguka lenyewe. Chini ya tabaka la zamani, chembe hai hujenga tabaka jipya zima, tangu puani hadi mkiani, kabla lile la juu halijaachia. Paul Maderson, aliyeichunguza ngozi ya nyoka kwa darubini miaka ya 1960, aliugawa mzunguko huo hatua sita. Jipya likikaribia kukamilika, kati ya matabaka mawili huingia majimaji yenye vimeng'enya vinavyolegeza kiunganishi. Hapo ndipo nyoka hufifia rangi na macho yake hugeuka ya buluu yenye utandu wa maziwa, kwani hana kope: jicho lake limefunikwa na gamba angavu, na hilo nalo hubadilishwa. (CCM, chama tawala cha Tanzania, ilipotangaza kujivua gamba mwaka 2011, iliazima kipande cha mwisho tu cha kazi hii. Nyoka hathubutu kuliacha la zamani kabla la chini yake halijakamilika.)

Siku chache baadaye macho hung'aa tena. Mfugaji mgeni hudhani mambo yameisha bila kitu, akamtoa nyoka amchezee au akamtupia panya. Asifanye hivyo. Gamba hutoka siku tatu nne baada ya macho kung'aa, na muda wote huo nyoka aachwe atulie. Majimaji yale yanatoka mwilini mwake mwenyewe. Mwenye kiu hana ya kutosha. Hewa kavu nayo hulikakamaza gamba la juu, na badala ya kunyumbuka linapasuka vipande.

Kujivua kwenyewe, kukienda sawa, ni kazi ya dakika chache. Nyoka husugua pua na midomo kwenye jiwe au gogo hadi ukingo wa gamba unyanyuke, kisha hutambaa akitoka humo huku gamba likigeuka ndani nje kama soksi inayovuliwa. Sanduku lisilo na kitu cha kukwaruza, lenye sakafu laini na bakuli la plastiki tu, linamnyima kazi hiyo hata kama hewa ni nzuri.

Gamba lililotoka linyanyue kwenye mwanga kabla halijakauka. Litakuwa refu kuliko nyoka mwenyewe, kwa sababu ngozi iliyokunjwa kati ya magamba imenyooka. Usihangaike na urefu. Tafuta kichwani vioo viwili vidogo vya mviringo, kisha angalia mkiani kama ncha ipo. Palipo na tundu badala ya kioo, au mkia uliokatika, jua kipande kimebaki kwa nyoka.

Mkia ndio unaosahaulika, na kwa maoni yangu ndio wa kuhofiwa kwanza. Gamba lililobaki pale hukauka likawa pete. Nyoka anakua na pete haikui, damu inashindwa kufika, na ncha ya mkia inakufa na kuwa nyeusi. Mweke nyoka kwenye beseni lenye maji ya vuguvugu, nyuzi 28 hivi, yasiyozidi unene wa mwili wake ili asilazimike kuogelea, kwa dakika 20 au 30, nawe ukae hapo hapo. Halafu shika taulo lenye maji na umwache apite mwenyewe kati ya mikunjo yake. Nguvu iwe yake. Kipande kisichotoka kiachwe hadi kesho, urudie.

Jicho usiliguse, si kwa kibano, si kwa ukucha, wala kwa utepe wa gundi. Mwaka 2013 Kevin van Doorn na Jacob Sivak wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walionyesha kuwa ngozi inapojijenga upya, damu hupita bila kukatika kwenye mishipa ya gamba la jicho. Anayebandua kwa kubahatisha anaweza kuling'oa lililo hai pamoja na lililokufa, na jicho likapotea. Kifuniko kimoja kilichobaki aghalabu hutoka mzunguko ujao, unyevu ukirekebishwa. Kisipotoka, hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo. Chunguza pia ukingo wa jicho: vidoa vyeusi vinavyotembea ni utitiri wa nyoka, nao huharibu kujivua hata palipo na unyevu tele.

Haya yote ni ya chatu mdogo aliyezaliwa kwa wafugaji na mwenye hati zake. Jamii yote ya chatu imo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Swila au kifutu mwenye gamba lililokwama hana taulo linalomfaa mikononi mwa raia.

Baada ya hapo rudi kwenye sanduku. Funika sehemu ya wavu wa juu ili mvuke usikimbie, na sogeza bakuli la maji karibu na upande wa joto. Weka kopo lenye mfuniko uliotobolewa, ndani yake taulo bichi, mahali ambapo nyoka anaweza kuingia na kutoka atakavyo. Usimwagie maji sanduku zima kila asubuhi: sakafu inayokaa imelowa huozesha magamba ya tumbo, na malengelenge yake ni mabaya kuliko gamba lililokwama. Kipima unyevu kiwekwe pale nyoka anapolala. Kikining'inizwa ukutani kwako Giheke, kitakusomea hali ya hewa ya Giheke tu.