Baiti Mbili Zinazomkuza Mario

Super Mario Bros. ilipotoka Japani Septemba 1985, mchezo mzima ulikuwa umebanwa ndani ya kaseti ya kilobaiti 40: 32 za programu na 8 za picha. Picha moja ya simu ya leo haiwezi kuenea humo. Shigeru Miyamoto, Takashi Tezuka na wenzao wa Nintendo mjini Kyoto walitakiwa kuingiza hatua 32, maadui, muziki, na shujaa mwenye maumbo matatu: mdogo, mkubwa, na yule wa kurusha moto.

Tuanze na mwili wenyewe. Famicom, mashine inayoendesha mchezo huo, huchora vitu vinavyotembea kwa vipande vya pikseli 8 kwa 8. Mario mdogo ni vipande vinne, mkubwa ni vinane. Mashine haiwezi kuonyesha zaidi ya vipande 64 kwa wakati mmoja, wala zaidi ya 8 katika mstari mmoja wa skrini. Vikizidi hapo, vingine havichorwi. Ndiyo maana maadui wakirundikana katika michezo ya zama hizo huanza kupepesa. Kumfanya shujaa awe mkubwa ni gharama, na waundaji hawakuwa na cha kuchezea.

Walipobana kwelikweli ni kwenye umbo la tatu. Mario wa moto hana picha zake za kutembea na kuruka. Ni Mario mkubwa yuleyule aliyebadilishiwa rangi: nguo nyekundu zinakuwa nyeupe, na iliyokuwa kahawia inakuwa nyekundu. Kila kipande cha picha hakibebi rangi halisi, kinabeba namba tu ya nafasi katika kijisanduku cha rangi tatu. Badilisha kijisanduku, mtu mzima amevaa upya bila kuchorwa tena. Luigi naye alizaliwa kwa njia hiyohiyo.

Ila ufundi mkubwa zaidi hauonekani kwenye skrini. Programu huweka kumbukumbu ya umbo la Mario katika baiti mbili tofauti. Moja ni ya hali: 0 mdogo, 1 mkubwa, 2 wa moto. Nyingine ni ya kimo, na kazi yake ni kuamua mwili upi uchorwe. Mario akigusa uyoga (wa kumkuza) au ua (la kumpa moto), programu haiulizi amegusa kipi. Inauliza yeye ni nani sasa hivi. Akiwa 0 anakuwa 1. Akiwa 1 anakuwa 2. Mchezaji anayegonga boksi la ua akiwa mkubwa, kisha akagongwa na adui kabla ya kulichukua, hugundua jambo la ajabu: akiligusa lile ua akiwa mdogo, hapati moto. Anakua tu, kama aliyekula uyoga.

Kwa hiyo tofauti ya uyoga na ua ni ya macho zaidi kuliko ya programu. Boksi lenyewe huangalia hali ya mchezaji ndipo liamue litoe nini, na hivyo aliyebuni hatua hakuhitaji kuweka aina mbili za boksi. Hapa kuna busara ya usanifu, si kubana nafasi peke yake: anayesuasua hupewa kinga kwanza, anayefanya vizuri hupewa silaha. Mchezo unapima uwezo wa mtu bila kumuuliza chochote.

Kwa nini basi baiti mbili, kama moja ingeweza kutosha? Jibu linajitokeza pale mfumo unapoteleza. Mario anapogongwa, hali hushushwa papo hapo hadi 0, lakini kimo hubadilishwa fremu chache baadaye, wakati wa picha inayomwonyesha akinywea huku kila kitu kikiwa kimesimama. Tena programu haisemi “weka kimo kidogo”. Inasema “geuza kimo”, kutoka kilipo kwenda upande wa pili. Sasa mchezaji akimgusa adui mkuu, Bowser, na shoka la mwisho wa daraja kwa pamoja, hali inashuka, lakini shoka linaikatiza ile picha ya kunywea kabla kimo hakijageuzwa. Anaingia hatua inayofuata akiwa na mwili mkubwa na uhai wa mdogo: pigo moja, amekwisha. Akila uyoga, hali inapanda hadi 1, kimo kinageuzwa, naye anakuwa mfupi. Akichukua ua, amekuwa Mario mdogo mwenye moto, kiumbe ambaye hakuna aliyempanga. Na kila akirusha moto, anaonekana mkubwa kwa kitambo kifupi, kwa sababu hakuna picha ya mdogo akirusha.

Wapo wanaokiita kituko hicho kosa la uvivu. Si haki. Ni matokeo ya kawaida ya kutenganisha “anachoweza” na “anavyoonekana”, na utengano huohuo ndio uliowezesha lile umbo la tatu kupatikana kwa bei ya kijisanduku cha rangi.

Umbo jipya pia halina maana mpaka mchezaji alikute. Katika hatua ya kwanza kabisa, uyoga hutoka kwenye boksi, huteleza kwenda kulia, huanguka chini, hugonga bomba na kurudi ulikotoka. Mchezaji mgeni ameshakutana na adui wa kwanza, naye pia ana kichwa kama cha uyoga, kwa hiyo silika humwambia akimbie. Akiruka kwa hofu, matofali ya juu humgonga kichwa na kumrudisha chini, pengine juu ya uyoga wenyewe. Miyamoto ameeleza hadharani kwamba mpangilio huo ulikuwa wa makusudi. Baada ya hapo mwili mkubwa unajieleza: unavunja matofali ambayo mdogo huyatikisa tu, ila haupiti kirahisi kwenye upenyo wa tofali moja ambao mdogo hupita bila kufikiri. Kila faida ina kitu kidogo ilichokunyang’anya.

Super Mario Bros. 3 ya mwaka 1988 ilikuja na nafasi ya kutosha: kaseti ya kilobaiti 384, na ndani yake chipu ya ziada ya kubadilisha mafungu ya picha mchezo ukiendelea. Sasa Mario aliweza kuwa na michoro yake kwa kila vazi, na mavazi yakaja: chura, tanuki, nyundo, na jani linalompa mkia. Hapo ndipo wabunifu wengi waliofuata walipojifunza somo nusunusu. Waliona wingi. Hawakuona kwamba vazi la chura linaogelea kwa usahihi usiolinganishwa na kisha linamfanya Mario aruke-ruke nchi kavu kama mwenye kiatu kimoja.

Jani ndilo lililobadilisha mchezo. Ili kuruka angani, mchezaji hukimbia mpaka mishale sita chini ya skrini ijae na herufi P iwake, kisha hubonyeza kitufe cha kuruka tena na tena. Uwezo huo unadai uwanja wa kukimbilia, kwa hiyo kila eneo tambarare likawa swali: je, kuna kitu huko juu? Ilibidi hatua zenyewe zijengwe kwenda juu, na skrini iweze kupanda na kurudi nyuma, mambo ambayo mchezo wa 1985 haukuyajua. Vazi la nyundo, kwa nguvu zake zote, halikubadilisha chochote katika ramani. Kiatu cha kijani ambacho Mario hukivaa, kinachopatikana katika hatua moja tu ya dunia ya tano, kinakumbukwa kwa upendo zaidi.

Nintendo walibadilisha mawazo hata kuhusu adhabu. Katika toleo la Kijapani, mwenye vazi lolote akigongwa hushuka moja kwa moja hadi udogo. Toleo la Marekani la 1990 lilimwacha abaki mkubwa kwanza. Mstari mmoja wa kanuni, na vazi likageuka kutoka hazina ya kulindwa kwa woga kuwa kitu cha kujaribia.

Michezo mingine ilitafuta bei nyingine. Sonic, shujaa wa mchezo wa 1992, hugeuka wa dhahabu akiwa na zumaridi zote saba na pete 50, kisha hupoteza pete moja kila sekunde; nguvu zenyewe zina saa. Kirby’s Adventure ya 1993, kazi ya Masahiro Sakurai, ilimpa mchezaji uwezo wa adui aliyemmeza, na akigongwa uwezo huo hutoka kama nyota inayodundadunda, anaweza kuukimbilia. Wario Land II ya 1998 iligeuza mpango wote kichwa chini: Wario hafi, na pigo la adui ndilo linalompa umbo jipya. Akishika moto anakimbia ovyo, kisha miali inamvaa mwili mzima na anachoma vizuizi ambavyo hakuna njia nyingine ya kuvipita. Mchezaji anaanza kumtafuta adui amgonge, jambo ambalo zile baiti mbili za 1985 zisingemruhusu.