Insha ya Hoja Isiyo na Mpinzani

Muhula huu tumesahihisha insha za wanafunzi wetu wa mwaka wa pili wanaojiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha. Swali lilitokana na uamuzi wa Baraza la Mawaziri la Uganda wa Julai 2022: "Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule zote za Uganda. Jadili." Tulitaraji moto. Tulipata karatasi zinazofanana kama sare za shule.

Karibu zote zinaanza kwa kueleza maana ya lugha. Zinafuata faida tano, hasara tano, methali mbili tatu, na tamati inayosema kwamba kila upande una ukweli wake. Lugha yenyewe si mbaya. Upatanisho wa kisarufi umeimarika kuliko miaka iliyopita, na kwa hili tunawapongeza. Lakini mwandishi yuko wapi? Anayeorodhesha faida na hasara hajajadili bado. Amepanga bidhaa sokoni akaondoka.

Tuchukue hoja iliyojitokeza mara nyingi zaidi, kwamba Kiswahili kitaleta umoja. Hakuna aliyejiuliza msomaji mkaidi angejibu nini. Angejibu kwamba Wasomali wengi wana lugha moja, na bado serikali yao kuu ilianguka mwaka 1991. Wanyarwanda nao wana lugha moja, na yaliyotokea mwaka 1994 tunayajua sote. Je, hoja ya umoja imekufa? La hasha. Lakini inabidi ipunguzwe: lugha ya pamoja inarahisisha biashara na mazungumzo baina ya watu wanaotaka kuzungumza; utashi wa kuzungumza unatoka kwingine. Hoja iliyopunguzwa hivyo ni ndogo, ila haiangushwi kwa swali moja.

Katiba nayo imetumiwa nusunusu. Wengi wamesema kwamba marekebisho ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, wakaweka nukta. Ibara ya 6 haiishii hapo. Inaongeza kwamba kitatumika katika mazingira ambayo Bunge litayaainisha kwa sheria. Mpinzani atakishika kipande hicho hicho. Wengine wameichanganya hatua hiyo na tangazo la Idi Amin la mwaka 1973, lililohusu lugha ya taifa. Lugha ya taifa na lugha rasmi si kitu kimoja. Tuliwafundisha hili mwaka wa kwanza, au tulidhani tuliwafundisha.

Jambo lililotugusa zaidi halikuwa kwenye karatasi. Mwanafunzi mmoja, baada ya kurudishiwa insha yake, alitueleza kwamba bibi yake hadi leo akisikia Kiswahili hunyamaza, kwa sababu wanajeshi waliomchukua mumewe katika miaka ya 1970 walikuwa wakizungumza lugha hiyo. Tukamuuliza kwa nini hakuliandika. Akajibu: "Mwalimu, hiyo si hoja, hiyo ni habari ya nyumbani." Katika hasara zake tano alikuwa ameandika tu kwamba Kiswahili "kina historia isiyoridhisha".

Hapo tulijilaumu wenyewe. Mwongozo wetu wa kusahihisha hutoa alama kwa kila faida na kila hasara, wala hautoi hata alama moja kwa kumjibu mpinzani. Mwanafunzi ameandika kile tunachokilipia. Ni kweli kwamba kisa cha mtu mmoja hakithibitishi sera ya nchi nzima. Lakini kinaeleza woga ambao tumeusikia kwa wazazi wengi, na mtetezi wa Kiswahili asiyeujibu woga huo anazungumza peke yake. Jibu lipo: wapiganaji waliomng'oa Amin mwezi Aprili 1979, wakiwemo askari wa Tanzania, nao walizungumza Kiswahili. Linatosha? Kwa bibi yule huenda lisitoshe, na hapo ndipo insha ilipopaswa kuanza.

Tulimruhusu mwanafunzi huyo aandike upya. Orodha zimetoweka. Anaanza na bibi, anakubali kwamba woga wake una msingi, anauleta mwaka 1979, kisha anahitimisha kwamba Kiswahili kifundishwe katika shule zote ila kisitahiniwe kwa lazima mpaka kila shule ipate mwalimu aliyehitimu. Sisi hatukubaliani naye, maana tunaona kwamba pasipo mtihani hakuna mwalimu mkuu atakayehangaika kumtafuta mwalimu huyo, na tumemwandikia hivyo pembeni kwa wino mwekundu. Insha ya kwanza ilipata alama 13 kati ya 20. Hii imepata 17, na mwongozo wa muhula ujao tumeanza kuuandika upya.