Kadi ya Salamu Nayo ni Fasihi

Kuna utanzu mmoja wa fasihi ya Kiswahili ambao hujawahi kuulizwa kwenye mtihani na pengine hutaulizwa: kadi ya salamu. Uliyezaliwa enzi za bando utauliza hiyo ni nini. Ilikuwa hivi. Msikilizaji ananunua kadi, anajaza jina lake na mahali alipo, anaorodhesha anaowasalimu, anafunga kwa ujumbe mfupi, anaipeleka posta. Siku mtangazaji akiisoma hewani, nchi nzima imejua kwamba upo.

Hapa Kenya kitovu kilikuwa idhaa ya Kiswahili ya Sauti ya Kenya, VOK, ambayo mwaka 1989 ikawa KBC. Wasalimiaji hawakubaki kila mtu na redio yake. Walijipa lakabu, wakaunda klabu, wakatembeleana, wakachangiana harusi na matanga. Leo tungewaita mashabiki, ila hawakuwa na staa wa kumshabikia. Walishabikiana wenyewe kwa wenyewe.

Mjomba wangu hapa Mkongani alikuwa mmoja wao. Sasa ana mvi na mbuzi zake, na vijana wa maskani wakitaka kumtania wanamuita kwa lile jina la redioni. Amebaki na daftari alilokuwa akinakili kila kadi kabla ya kuituma. Nimelisoma lote, na nitalihakiki kama ninavyohakiki kitabu chochote.

Kasoro kwanza. Ukitafuta habari humu, hupati. Mwaka wa njaa na mwaka wa mavuno, kadi ni ile ile: mimi fulani, nikiwa Mkongani, Kwale, nawasalimu fulani na fulani. Tarehe 1 Agosti 1982 wanajeshi waliiteka VOK, Leonard Mambo Mbotela akalazimishwa kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Ni redio hiyo hiyo aliyokuwa akiiandikia mjomba. Kadi yake iliyofuata inasalimu tu, kama vile hakuna kilichotokea. Ujumbe wa mwisho nao ni methali zile zile zikizungushwa. Halafu kuna suala la pesa: msikilizaji ananunua kadi na stempu ili atengeneze kipindi cha mtu mwingine bure. Lakini sisi tunaonunua bando ili tujaze kurasa za matajiri wa California, hapo hatuna la kumcheka mtu.

Sasa uzuri wake. Kadi ina nafasi chache, kwa hiyo lazima uchague, na kwenye kuchagua ndiko hadithi ilikojificha. Kuna jina moja linaongoza orodha karibu miaka mitatu. Ghafla linashuka hadi mkiani. Halafu halipo kabisa. Baadaye linarudi, safari hii na maneno mawili mbele yake: "na familia". Ni mapenzi yaliyovunjika? Ni ugomvi wa klabu? Mjomba hasemi, nami sikumuuliza. Nimesoma riwaya nzima zilizoshindwa kusema hayo kwa kurasa mia mbili.

Na kuna alama ndogo za kalamu nyekundu pembeni mwa baadhi ya majina. Hizo ni za waliokufa. Kadiri unavyofungua kurasa, wekundu unazidi. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla inauliza wako wapi mabwana wa Pate, na ukubwa wake uko kwenye kuwataja waliokuwapo. Silinganishi ufundi, wallahi. Ninachosema ni kwamba pwani hii ilijua kitambo kuwa orodha ya majina inaweza kubeba msiba bila kulia.

Nyumbani wanasema mjomba alipoteza ujana wake kwa salamu. Neno hilo nalijua vizuri; nimeacha chuo kikuu nikae kuandika, na kila Idi naambiwa mimi. Basi nalipima kwa alichoandika. Alipofiwa na mamake, walifika watu kutoka bara ambao hawakujua jina lake halisi. Walishuka stendi wakaulizia njia kwa lakabu. Ni waandishi wangapi unaowajua ambao wasomaji wao wangepanda basi usiku kucha kuja kuzika?

Tangu 1996, stesheni binafsi za FM zilipoanza kumiminika, na baadaye simu ikaingia mfukoni mwa kila mtu, kadi ilianza kufa. Salamu zenyewe hazikufa. Hata Radio China Kimataifa iliendelea kuwa na kipindi cha Salamu Zenu, na stesheni nyingi bado zinasoma meseji. Lakini meseji inatumwa kwa dakika na kufutwa kwa dakika. Hakuna anayeinakili, hakuna anayerudi kuitia wekundu. Tulichopoteza ni ule mkono uliokaa chini kuamua: nafasi ni chache, nimtaje nani, nimuache nani?

Wasomi wetu wamekusanya tenzi, misemo ya kanga, hata maandishi ya matatu. Madaftari haya bado yamo kwenye masanduku ya wajomba na mashangazi, na wenyewe wanazeeka. Kama kwenu lipo moja, liombe leo ulisome. Usingoje hadi mtoto wa jirani alichane awafungie watu njugu.